Mstari Mwekundu kwenye Geji ya Lori

Jumatatu, 6 Juni 1983
Magoti tena. Nimefika gereji ya Haji, Makadara, nikichechemea, nikakuta lori lake limesimama palepale. Turbo, ile feni inayozungushwa na moshi wa injini, imeungua; ya pili mwaka huu. Haji anasema dereva analikamua kupita kiasi mlimani. Dereva ni Mutiso, mume wa dada yangu. Leo Haji ameleta geji ya kupima joto la moshi wa injini, dereva aone moto ukizidi. Niifunge. Turbo ya tatu ikiungua, Mutiso hana kazi. Amesema hivyo mbele yetu sote.

Jumanne, 7 Juni
Turbo mpya nimefunga. Ndipo nikasoma karatasi ya geji. Inataka tundu litobolewe kabla ya turbo, moshi ukiwa bado na moto wake wote. Maana yake niifungue turbo tena, vumbi la chuma lisiingie ndani. Boliti zilezile nilizokaza asubuhi. Nimechoka. Nimechoka mpaka chakula hakina ladha.

Jumatano, 8 Juni
Nimetoboa baada ya turbo, kwenye eksozi, paipu inayotoa moshi nje. Nusu saa, kazi imeisha. Nikachora mstari mwekundu kwenye kioo cha geji kwa rangi ya kucha ya mke wangu, pale karatasi iliposema. Mutiso alifurahi kama mtoto.
"Shemeji, hii kitu ikifika wapi ndio niogope?"
Nikamwonyesha mstari. Nikamkumbusha na lile la kila siku: akisimama, asizime injini kabla ya dakika tatu, turbo ipoe kwanza. Akacheka, eti namwimbia wimbo anaoujua. Ameondoka kwenda Kitale kuchukua mahindi.

Jumapili, 12 Juni
Kanisani, katikati ya mahubiri, nimekumbuka. Moshi ukishapita turbo umepoa. Mstari nilipaswa kuushusha. Sindano itamwambia yuko salama, kumbe injini inaungua. Yuko njiani na magunia, hakuna pa kumpigia simu. Mjinga mimi.

Jumatatu, 13 Juni
Lori limerudi likivutwa. Lilizimika kwenye mlima wa Timboroa. Turbo imekwisha, na pistoni mbili pamoja nayo.
"Haki ya Mungu, Haji, sindano haikugusa red," Mutiso akasema.
"Geji haina mdomo wa kusema uongo. Wewe unao."
Haji akamwambia aweke ufunguo mezani. Mimi nimesimama hapo na spana mkononi. Nikageuka, nikaendelea na kazi nyingine. Naandika haya nikijichukia.

Jumanne, 14 Juni
Dada yangu alikuja asubuhi na mapema. Hakulia. Aliuliza tu kama ni kweli mume wake ni mwongo. Nikavaa viatu.
Nilimkuta Haji dukani kwake, nikamweleza yote. Tundu, mstari, uvivu. Ndiyo, uvivu, nisijifiche nyuma ya magoti. Akafunga daftari lake la hesabu.
"Miaka kumi na moja tuko pamoja, fundi," akasema. "Si ungeniambia umechoka?"
Mutiso amerudishiwa ufunguo. Mimi nimeambiwa nisirudi gereji.

Alhamisi, 16 Juni
Sijaenda popote.

Jumamosi, 25 Juni
Nyumbani, mtaa wa Jericho. Magoti yamepumzika, moyo bado. Nasikia fundi mpya ametengeneza injini, na ametoboa kabla ya turbo, kama ilivyotakiwa. Mutiso hajanisemesha tangu siku ile, na simlaumu.
Jioni lori la Haji limesimama barabarani, mkabala na nyumba yetu. Injini haikuzimwa. Nilikuwa mlangoni nikimenya viazi, nikaacha kisu, nikaanza kuhesabu. Dakika moja. Mbili. Ya tatu ilipoisha, ikazimwa. Mutiso akateremka, akavuka barabara, akaketi kwenye kiti changu kibovu.
"Shemeji," akasema.
Hivyo tu. Nikaenda kuweka chai.