Kwa Shangazi Netta Slater, na Ukurasa Uliomliza Beldie

Jirani yetu Bi Teenie Geddie anashikilia kwamba siku ile uliyotutoka ulifungua dirisha, ukamwita kwa jina, ukamwambia, "Teenie, kitabu kimekwisha, waambie wakakichape." Amelisimulia hilo dukani, kanisani, hadi kwa mwenye gari la samaki. Tunamwacha. Sisi tuliokuwa chumbani tunajua ulikuwa na siku mbili hujatamka neno, na lile dirisha halifunguki tangu lipakwe rangi.

Mwaka umetimia, Shangazi. Mwaka wenyewe umekwenda polepole, kama mtu anayepanda kilima na ndoo mbili.

Tunakukumbuka kwa kofia yako ya sufu, na kwa uji wako wa oti usiotiwa kitu ila chumvi. "Sukari waachieni Waingereza," ulikuwa ukisema, Mskoti wa kweli wewe. Vitabu vyako kumi na kimoja vya watoto uliviandikia juu ya meza ya jikoni, Mama, wifi yako, akikubembeleza usogeze karatasi apate pa kukatia vitunguu. Barua za watoto wa mbali ulizijibu zote kwa mkono wako. Bado zinakuja. Tunazijibu sisi, kwa shida.

Zaidi tunakukumbuka siku za Jumamosi kwenye ghala la nyavu. Watoto walikaa juu ya masanduku, wewe ukawasomea sura mpya, na mimi Elspet, binti wa kaka yako, nikakaa nyuma na penseli. Nilimaliza shule ya msingi tu, nikaingia kazi ya kupasua samaki, lakini ulisema macho yangu yanatosha. Kazi yangu ilikuwa kuwatazama. Mtoto akijikuna, natia alama moja. Akipiga miayo, mbili. Mistari yenye alama uliifuta bila huruma, hata ile uliyoipenda. Na peremende hukuwapa mpaka hadithi iishe. "Nikiwapa mapema watatulia kwa ajili ya peremende," ulisema. "Hiyo ni rushwa."

Siku moja Dod, mtoto wa fundi mapipa, alikukatiza: "Shangazi, huyo sungura wako anasema sana kuliko mchungaji kanisani!" Ulicheka hadi ukashika ubavu. Sungura akanyamazishwa.

Kitabu cha mwisho, cha bata bukini, hukuwahi kuwasomea. Wachapaji wa Edinburgh wanazitaka karatasi Jumatatu. Basi Jumamosi iliyopita niliwasomea mimi, mikono inanuka chumvi, mgongo unauma. Hakuna aliyejikuna. Nilipofika pale ambapo kinda anamwekea baba yake asiyerudi nafasi kwenye majani kila siku, halafu siku moja anamruhusu mwingine akae, Beldie mdogo akaanza kulia. Akatoka mbio. Wewe usingejua, Shangazi. Mashua ya baba yake haikurudi Januari hii.

Baba alisema, "Ufute huo ukurasa. Mtoto hakwenda pale kulizwa."

Mama akamjibu, "Kwani kwao hapana kilio? Baba Elspet, dada yako hakuwa mjinga. Acha maneno ya marehemu yakae."

"Marehemu angekuwepo angeufuta mwenyewe!"

"Ungemuuliza basi, wewe unayemjua sana."

Wamenuniana wiki nzima, na mimi nikiwapitishia chumvi mezani.

Jana mama yake Beldie, Nan, alikuja akasimama mlangoni. "Elspet," akasema, "tangu Januari mtoto alikuwa hajatoa chozi. Hili ndilo la kwanza." Nikamkaribisha chai. Akatikisa kichwa, akaenda zake. Hadi sasa sijui alikuja kunishukuru au kunilaumu, na nimeona haya kumfuata nikamuulize.

Alama ya kujikuna ulinifundisha, na ya miayo. Ya machozi hukunifundisha, kwa sababu hayakupata kutokea ukiwa umekaa pale mbele.

Unakumbukwa na kaka yako Sandy, wifi yako Isie, mpwa wako Jeems aliyeko baharini, nami Elspet, pamoja na watoto wote wa ghala la nyavu. Hutoki mioyoni mwetu, siku zote tulizobakiwa nazo.

Tunakuomba neno moja tu, Shangazi, kabla ya Jumatatu. Tuufute, au tuuache?