Tangi Lililosuguliwa Kama Sufuria

Kamukuzi, Mbarara
Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla sijauliza habari za goti lako na paa la jikoni, nikupe lile unalolisubiri: Idi ameachiliwa. Yuko hapa kwangu, mzima. Amepungua mwili kidogo, lakini hana jeraha, nimemkagua mwenyewe. Sasa kaa chini usome mengine.

Najua dereva wa lori alikufikishia kwamba mwanao ametia sukari kwenye mafuta ya ndege. Habari hiyo ilikuwa nusu kweli. Ndege ilipata hitilafu na Idi alishikwa. Sukari haikuwepo.

Unajua kazi yake: hutunza mapipa ya mafuta kwenye kiwanja kidogo cha ndege nje ya mji, na humsaidia fundi anayekuja kukagua ndege ya dawa za wakimbizi wa Nakivale. Jumamosi ya juma lililopita, ndege hiyo ikiwa juu ya Juru, huko huko kwa wakimbizi, injini ilianza kukohoa, kisha ikazimika. Rubani akaishusha kwenye malisho. Nilipofika, gurudumu moja lilikuwa limesimama katikati ya matuta ya mama mmoja wa Kikongo.

"Mutu hakukufa," aliniambia. "Maharagi yangu ndiyo yamekufa. Andika hivyo mu gazeti."

Niliandika.

Rubani alifungua chujio la mafuta akalikuta limeziba kwa utelezi wa kahawia, kama maji ya bamia. Mwenye ufunguo wa mapipa ni mtu mmoja tu, kwa hiyo jioni ile askari walimfuata Idi. Alikaa kambini kwao siku sita. Kila asubuhi nilipeleka chakula. Kilipokelewa, mimi sikuingia. Askari wa getini, kijana mwenye adabu zake, alinieleza bila kuficha: "Dada, ndugu yako alitia kitu kwa mafuta. Kapteni akiandika hivyo, anapelekwa Kampala." Nimefanya kazi hii ya gazeti miaka mingi, na waliopelekwa Kampala kwa kosa la namna hiyo, sijaandika habari za kurudi kwao. Ndiyo sababu hukupata barua. Sikuwa na habari ya kukutumia ila hofu.

Ijumaa fundi alifika, Mzee Kizito, mtu wa makamo asiyependa maneno. Kapteni aliamuru tangi lifunguliwe palepale Juru, mbele yake, na Idi aletwe. Nilikuwepo na daftari langu.

Tangi la ndege ile limo ndani ya bawa, na lina kidirisha cha kupitisha mkono. Mzee Kizito alitia mkono, akatoa konzi ya ule utelezi, akaunusa.

"Afande, sukari haioti," alisema. "Hii imeota."

Akatueleza. Mafuta ya ndege ile ni ndugu wa mafuta ya taa. Maji kidogo yakiingia, hutuama chini yake, na pale maji na mafuta yanapokutana huzaliana vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vinakula mafuta, vinaacha utando, na mwisho vinaanza kula bati lenyewe. Kwa hiyo tangi hupakwa rangi ya dawa kwa ndani, ya kijani iliyochanganyika na manjano, ili wadudu hao wasipate pa kushika.

Kisha alimulika kurunzi ndani. Alimwita kapteni atazame. Kapteni alitazama, nami nikaruhusiwa. Sehemu kubwa ya tangi ilikuwa na rangi yake na ilikuwa safi. Karibu na kidirisha rangi haikuwepo. Bati lilikuwa tupu, na utelezi wote umeota hapo.

"Nani alikwangua hapa?" aliuliza Mzee Kizito.

Mama, Idi angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemwona. Nilimtazama nikitamani anyamaze, nakiri.

"Mimi," alisema. "Kwenye ukaguzi wa kabla ya mvua. Mzee aliniambia nisafishe. Niliona kitu cha kijani, nikadhani ni uchafu ulioganda. Nikasugua kwa katani na majivu mpaka bati likang'aa, halafu nikasuuza kwa mafuta."

Kapteni alimwamuru atie mkono. Ukaingia hadi kwapani. Mahali vidole vilipofika ndipo rangi ilipoanzia.

"Nani alikufundisha kusafisha namna hii? Kikosi gani?"

"Mama yangu, afande. Alisema chombo hakijatakata mpaka bati lionekane."

"Mama yako ni fundi ya ndege?"

"Hapana, afande. Yuko Ujiji."

Askari mmoja alicheka, akaficha uso kwa kofia. Kapteni hakucheka. Alimgeukia Mzee Kizito, na mzee yule, Mungu amlipe, hakujificha: "Mimi nilimwambia asafishe, nikaenda kunywa chai. Sikumwambia rangi ile ni dawa. Na maji ya chini ya tangi sikuja kuyatoa mvua nzima. Kosa langu ni kubwa kuliko lake." Kapteni aliandika mistari miwili, akaagiza Idi afunguliwe pingu.

Kazi hajapoteza. Juma lijalo watakwangua vizuri na kupaka upya, na mzee anataka Idi ashike brashi, maana, anavyosema, huyu hatasahau. Yule mama wa Juru, wenye ndege wameahidi kumpa mbegu, nitafuatilia.

Leo mchana nilipika wali, nikampa Idi sufuria aoshe. Akaishika muda mrefu. "Dada, hii nayo haina dawa?" Nikamwambia asugue.

Nisalimie mjomba mshona viatu, shangazi anayekuuguza goti, na mke wa kaka pamoja na mtoto wake mchanga. Mwambie yule dereva wa lori kwamba nusu ya pili ya habari yake anayo sasa.

Kuna salamu nyingine pia, nimetumwa. Wakati wa kumwachia Idi, kapteni aliniita kando, akasema: "Mwambie mama yenu, jeshi inamsalimia. Amelea mtu wa ukweli. Sufuria aendelee kufundisha. Ndege, aache."

Wako mtiifu,
Salima