Chumba cha Tatu: Sawa

Jumatatu, 5 Mei

Ripoti ya nyumba ya Kedowa, ukurasa wa tisa. Mabati: rekebisha, misumari imelegea upande wa barabara. Gata ya maji ya paa: rekebisha, ipo mbele tu, nyuma hakuna. Umeme: hatari, soketi ya jikoni imeungua. Shimo la maji taka: sawa, mfuniko mzito, hauna ufa. Chumba cha kwanza: sawa. Chumba cha pili: sawa. Chumba cha tatu: sawa.

Fomu yetu ina visanduku vitatu kwa kila kitu. Sawa, Rekebisha, Hatari. Injinia Maina, mwenye ofisi, aliitengeneza mwenyewe na anaipenda. Anasema mtu anayenunua nyumba hataki hadithi. Anataka kujua nini kimeharibika, kiko wapi, kwa kiasi gani, amwite fundi gani, na picha. Nakubaliana naye. Nimekagua nyumba zaidi ya arobaini kwa fomu hiyo na sijawahi kuilaumu.

Mvua tangu saa nane. Nimekula mandazi mawili nikiwa nimesimama. Mama alipiga simu kuuliza kama ninaumwa. Siumwi. Nimezimika tu, tangu Januari hivi. Nafanya kazi, narudi, nalala.

Nimetuma ripoti saa kumi na moja.

Jumanne, 6 Mei

Mteja amepiga simu asubuhi. Madam Nyaboke, mwalimu wa shule ya msingi, Mkisii aliyekuja huku kufundisha akakaa. Amesoma ripoti yote. Wengi husoma ukurasa wa kwanza tu. Alishukuru, kisha akauliza swali moja.

"Hicho chumba cha nyuma, cha tatu, ni kikavu kabisa? Ndiko nataka kumlaza Kemunto, na unajua kifua chake."

Najua. Aliniambia siku ya kwanza. Binti wa miaka minne, anatembea na ile dawa ya kuvuta. Ndiyo sababu wanahama nyumba ya sasa.

Nilijibu, "Ripoti imesema ni sawa, Madam."

Ripoti imesema. Kana kwamba ripoti ina miguu, ilikwenda Kedowa peke yake.

Sikuingia chumba cha tatu.

Naandika tena nione kama kuna kitu kitasogea ndani yangu. Sikuingia chumba cha tatu. Hakuna kilichosogea.

Ilikuwa Jumamosi. Emily ndiye aliyenitembeza. Ameolewa na kijana wa mwisho wa mzee mwenye nyumba. Chumba cha tatu hakikufungwa, kina pazia tu. Mzee alikuwa amelala ndani, mgonjwa. Emily akasema, "Ingia tu, amezoea." Nikasimama. Nilimsikia akipumua. Kwetu msichana haingii chumba anacholala mzee wa watu, tena akiwa kitandani. Hakuna aliyenifundisha hilo kwa maneno. Limo miguuni. Nikasema, "Wacha apumzike," kwa sauti ya mtu mwenye adabu, nikatoka nje kupiga picha ukuta wa nyuma. Nilikusudia kurudi akiamka. Hakuamka. Mvua ikaanza, mtu wa boda akapiga honi.

Ofisini nilifika kwenye mstari wa chumba cha tatu. Hapakuwa na kisanduku cha kusema sikuingia. Nikaweka alama kwenye Sawa.

Hapana. Niwe mkweli humu angalau. Pembeni mwa fomu kuna nafasi ya kutosha, ningeandika kwa kalamu. Sikutaka ionekane kwamba mkaguzi mwenye diploma ya ujenzi ameshindwa na pazia.

Jumatano, 7 Mei

Nimefungua picha zangu. Namba thelathini na moja, ukuta wa nyuma. Kiwanja kimechongwa ndani ya mteremko, na majani chai yanaanzia juu, karibu usawa wa paa. Udongo umeporomoka polepole kwa miaka mingi, ukaegemea ukuta hadi chini ya dirisha. Maji yote ya paa yanaanguka hapo kwa sababu hakuna gata. Upande wa pili wa ukuta huo ni chumba cha tatu.

Picha niliipiga mimi. Nikaiweka ukurasa wa sita na kuandika chini yake: "Ukuta wa nje, nyuma." Hakuna uongo hapo. Hakuna msaada pia. Madam Nyaboke ataona ukuta na matope. Sikumwambia matope hayo yana maana gani kwa mtu anayelala upande wa ndani.

Wanaweka sahihi Ijumaa saa nne, kwa wakili, Kericho mjini.

Saa saba nimemwambia Injinia. Alikuwa anakula ugali na managu. Akaacha kutafuna.

"Chelangat. Hukuingia hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Na ukaweka sawa."

"Ndiyo."

Hakufoka. Heri angefoka. Alimaliza tonge, akanawa, akaniambia nitume karatasi moja ya nyongeza, ikae mwisho, iseme kwamba uwezekano wa unyevu haukuondolewa na ukaguzi zaidi unapendekezwa. "Hiyo inatukinga," akasema.

Nimeiandika sentensi hiyo nikaisoma kama mimi ndimi Madam Nyaboke. Haisemi ni chumba gani. Haisemi nani hakufanya nini. Inapendekeza ukaguzi zaidi kwa mtu ambaye tayari alimleta mkaguzi, na mkaguzi ni mimi. Inatukinga kweli. Yeye inamwacha nje.

Nimemwambia Injinia kesho naenda Kedowa. Amesema, "Enda. Lakini ukirudi na kitu, utatia sahihi yako, si yangu."

Ni haki yake.

Alhamisi, 8 Mei

Nimeingia.

Emily alikuwa anaanika nguo chini ya ukingo wa paa. Nilimweleza ukweli wote. Alinitazama kidogo, akaendelea kubana nguo kwa vibanio, kisha akaniongoza ndani. Mbele ya pazia miguu ilikataa tena. Ikabidi niite kutoka nje. Nilimwita Kugo, kama tunavyowaita babu zetu.

"Kugo, naomba kuingia."

"Wewe ndio ule wa Jumamosi?" Kiswahili chake kina lafudhi nzito ya wazee wa kwetu.

"Ndiyo, Kugo."

"Taktari ameingia hapa. Basta ameingia. Kuku wa Emily anaingia kila siku na habigi hodi. Ni wewe tu umegataa. Kwani nanuka?"

Emily alicheka nyuma yangu. Nikasukuma pazia.

Kitanda kiko katikati ya chumba. Hakuna mtu huweka kitanda katikati ya chumba bila sababu. Ukuta wa nyuma umefunikwa na kabati. Niliomba tulisogeze. Emily alisita, akashika upande mmoja. Nyuma yake rangi imevimba na kukunjamana kama utando juu ya maziwa yaliyopoa. Kuvu nyeusi kutoka sakafuni hadi kiunoni kwangu. Nilibonyeza plasta kwa kidole gumba, kidole kikazama. Nilitumia kipima unyevu sehemu tano. Kote mshale ulikwenda hadi mwisho. Harufu ya gunia lililolowa.

Mzee alikuwa ananiangalia nikipiga picha. Ni mwembamba sana. Macho yake ni mazima.

"Unaantika?"

"Naandika, Kugo."

"Antika yote. Hii nyumba nilijenga mimi. Fundi aliniambia tuchimbe nyuma zaidi, tuweke mtaro. Nikamwambia hakuna wakati. Nilikuwa na haraka ya kuoa."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikachukua muda. Emily alimshika mgongo. Mimi nilisimama na kamera.

Kisha Emily akanitoa hadi jikoni. Hakupandisha sauti. "Tunauza ndio tumpeleke Bomet kwa mtoto wake mkubwa, hapo hospitali iko karibu. Sasa ukiandika hivyo, huyu mzee atalala hapa mvua ngapi tena, dada?"

Nilisema wamhamishie sebuleni.

"Unadhani hatujamwambia? Anasema sebule ni ya wageni."

Nilidhani kuna upande mmoja tu wa jambo hili, wa mtoto. Upande huu wa pili nilikuwa nimeusikia ukipumua Jumamosi.

Nimeandika alasiri nzima. Marekebisho nimeyaweka ukurasa wa kwanza, juu kabisa, kwa Kiswahili cha kawaida. Kwamba tarehe tatu sikuingia chumba cha tatu, na kwa nini. Kwamba niliandika sawa bila kuona, na hilo ni kosa langu, si la ofisi. Kwamba leo nimeingia. Ukuta ni mbichi mpaka ndani ya plasta, chanzo ni udongo ulioegemea na maji ya paa, picha nne hizi hapa. Kwamba mwenye kifua kibaya asilale humo. Kwamba kupaka rangi hakutasaidia. Udongo uondolewe, mtaro uchimbwe, gata iwekwe, plasta ibanduliwe, chumba kiachwe kikauke msimu mzima. Mwisho nimeandika nisichokijua bado: sikuvunja sakafu, kwa hiyo sijui kuna nini chini yake.

"Uwezekano" haimo. "Unapendekezwa" haimo.

Nimetia sahihi.

Nimetuma saa kumi na moja unusu. Nimempigia, hapatikani. Ujumbe una tiki moja, haujamfikia.

Ijumaa, 9 Mei

Saa moja: tiki moja. Saa mbili: tiki moja. Kwao mvua ikinyesha mtandao hupotea. Nimepiga mara sita. Nikachapa kurasa zote ofisini, nikaenda kwa wakili, nikasimama kwenye ngazi.

Alifika saa nne kasoro robo, amevaa nguo ya kanisani. Alifurahi kuniona. Hilo ndilo lililokuwa gumu zaidi, kama naweza kusema kitu kilikuwa kigumu. Nikampa karatasi.

Alisoma akiwa amesimama pale pale. Watu walipita, tukajibanza ukutani. Alisoma kurasa nne, akazitazama picha moja moja, akarudi ukurasa wa kwanza akausoma tena.

"Ungesema tu hukuingia."

"Ndiyo, Madam."

"Mimi ni mwalimu. Mtoto akiacha nafasi wazi kwenye mtihani, najua hapo hajui, nitamfundisha. Akijazajaza, mimi nitajuaje?"

Hakuwa anauliza.

"Ningemlaza hapo," akasema. Si kwangu hasa. Alikunja karatasi mara mbili, akazitia kwenye mkoba, akapanda juu kumwambia wakili kwamba leo hapana.

Emily alipiga saa saba, ameshasikia kwamba sahihi haikuwekwa. Alisema, "Asante, dada," akakata.

Injinia ameisoma nakala yake mezani, neno kwa neno, akiwa na miwani. Kuanzia Jumatatu sitoki peke yangu kukagua, nitakwenda naye mpaka atakaposema. Nilisema sawa. Neno limenikwama mdomoni kama mwiba wa samaki.

Jumamosi, 10 Mei

Nimelala hadi saa tano. Mama alileta chai, akaiacha kwenye kiti. Niliinywa ikiwa baridi.

Jumatatu, 12 Mei

Nyumba moja Kericho, na Injinia. Yeye juu ya dari, mimi chini naandika anachotaja kwa sauti. Aliniuliza mara tatu kama nimeandika. Nilikuwa nimeandika.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua imepumzika. Asubuhi nimechuma majani na Mama kwenye shamba letu, mistari minne. Mikono ilikuwa na baridi, nikaihisi. Naandika hilo kwa sababu ni kitu.

Saa sita Madam Nyaboke aliandika. Ujumbe mrefu, una nukta na herufi kubwa mahali pake. Alikwenda Kedowa mwenyewe katikati ya wiki, akaingia chumba cha tatu, akagusa ukuta. Wamekubaliana na Emily na mume wake: wao wachimbe udongo na mtaro, yeye asubiri chumba kikauke, kisha ataamua. Mzee amekubali kuhamia sebuleni kwa sababu ya vumbi la kazi. Analala kwenye kochi refu na kila anayepita njiani anaitwa aingie asalimie.

Halafu aya ya mwisho. Wakati ukifika nyumba itakaguliwa upya, lakini na mtu mwingine. Hana ubaya na mimi. Anaomba nimpe jina la mkaguzi ambaye mimi mwenyewe ningemwamini.

Nilikaa nayo kwenye ngazi ya jikoni. Ningeweza kumtaja Injinia. Nikakumbuka ile karatasi ya kutukinga, nikaacha.

Nimemtumia jina la mama mmoja wa Bomet niliyesoma ripoti zake nikiwa mwanafunzi, na namba yake. Nimeandika: "Huyu ni polepole. Asichokiona, huandika kwamba hakukiona."

Tiki mbili, kisha zikawa za buluu. Hajajibu.