Masjala Haijibu Barua

Vwawa, 12 Februari 2006

Mwanangu Loisi,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye ukungu. Mimi mzima. Mguu ndio unaojifanya mzee, lakini naukaripia na unatii. Natumaini wewe na mumeo Abrahamu na mtoto wenu mko salama huko Kabwe, na Zambia yote kwa jumla.

Usishtuke kuona mwandiko huu, ni wangu mwenyewe. Nimeanza asubuhi na sasa kuku wanaingia bandani. Sikuandikii mambo ya nyumbani. Nakuandikia kikazi.

Unajua mimi ndiye niliyeshika masjala ya chama chetu cha kahawa miaka thelathini na moja. Hakuna karatasi iliyopotea mikononi mwangu. Mkubwa akisema, "Yonathani, ile ya mwaka sabini na nne ya mpaka wa shamba," kabla hajamaliza kukohoa iko mezani. Wenye vyeti vyao walitafuta kwa herufi, mimi natafuta kwa kitambaa: kila kijiji na rangi ya utepe wake, kila mwaka na fundo lake. Sasa wanunuzi binafsi wameingia, chama kimebaki jina, ofisi imekuwa stoo ya mbolea, na majalada walitaka kuyachoma. Nikayabeba kwa mkokoteni, safari kumi na nne. Yako hapa nyumbani kwenye banda la kahawa, mia nne na kumi na mawili.

Adui ni mchwa. Na unyevu. Na sina wa kuzungumza naye, hawa wa siku hizi ukisema jalada wanafikiri jalala.

Wiki iliyopita nilikuwa Tunduma nikaingia kwenye chumba cha intaneti. Mwenye chumba, mama mmoja anaitwa Tabita, akaniambia, "Mzee, humu watu wa dunia nzima wanakutana wanazungumza. Wa ng'ombe wana kundi lao, wa mpira wana lao, wenye kisukari wana lao." Nikamuuliza, wa majalada je? Akatafuta, akatafuta, akasema kwa Kiswahili halipo. Halipo! Nikamwambia basi nalianzisha mimi. Akasema haliibuki tu hivyo, lazima lipendekezwe: jina, shabaha, kanuni, msimamizi, na watu wa kuliunga mkono.

Wewe unafanya kazi ya kumbukumbu huko chuoni na mashine hizo unazijua. Peleka pendekezo. Jina, Watunza Majalada. Shabaha, kuzungumza namna ya kutunza majalada yasife. Msimamizi, mimi.

Habari ya simu usiniletee. Maneno ya simu ukishayasema unayatia jalada gani?

Ni mimi baba yako,
Yonathani, Mtunza Masjala Mkuu (mstaafu)


Kabwe, 3 Machi 2006

Baba,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Abrahamu anakusalimu, na Angel ametimiza miaka mitano. Pole na mguu, usiukaripie tu, ukandwe na maji ya moto.

Dereva Shadrack, anayeleta mizigo huku kutoka Tunduma, aliponikabidhi bahasha niliijua kabla sijaifungua, maana hakuna mtu mwingine anayefunga barua kwa fundo. Nikakaa nayo jikoni. Nilidhani kuna msiba. Baba, ni miaka saba tangu siku ile nilipomfuata Abrahamu, ukanisindikiza mpaka Tunduma mpakani, na pale ukakataa kunipa mkono. Tangu hapo nimekuandikia barua kumi na moja. Hukujibu hata moja. Leo unaniandikia habari za mchwa.

Nitakusaidia, kwa sababu jambo lenyewe ni zuri na kweli kundi kama hilo halipo. Wenye mtandao wanataka haya: maelezo kwa nini kundi jipya wakati ya Kiingereza yapo, kanuni za mazungumzo, watu ishirini wanaoliunga mkono, kila mmoja na anwani yake ya barua pepe, na msimamizi anayeweza kujibu.

Hilo la mwisho nalirudia. Msimamizi ni mtu anayejibu.

Nami nina swali moja tu. Barua zangu zilifika?

Mwanao,
Loisi


Vwawa, 21 Machi 2006

Mwanangu Loisi,

Marahaba. Nimefurahi kusikia mko wazima. Huku mvua inapiga sana, mahindi yamenipita mabega, na unajua mimi si mfupi. Maji ya moto nimejaribu. Yanasaidia kidogo, usimwambie mtu.

Kanuni andika hizi. Mtu asiseme kabla hajasoma yaliyosemwa kabla yake. Jambo moja jalada moja, mtu asilete mchwa kwenye mazungumzo ya unyevu. Aliyeazima na hakurudisha asikaribishwe. Matusi hakuna, isipokuwa kwa mchwa.

Wakiuliza kwa nini kundi jipya, waambie hao Waingereza wanazungumzia majengo yenye mashine za kupoza hewa. Sisi tuna banda la kahawa. Mimi miguu ya rafu zangu nimeisimamisha ndani ya makopo yenye oili chafu, mchwa akija anaogelea mpaka anakufa. Nani Ulaya anajua hilo?

Wanaoniunga mkono: Mzee Mika aliyekuwa karani wa mahakama. Fides aliyetunza kadi za wagonjwa. Mzee mmoja wa Mbozi Mission anayeshika daftari la ubatizo. Makene wa Kamsamba, yule mwenye ng'ombe, hana jalada hata moja lakini ni mtu wa kunyoosha mambo. Nimepata kumi na tisa, wa ishirini ni mimi. Barua pepe hawana. Wana sanduku la posta, na wengine wanatumia la kanisa, andika hilo hilo.

Kuhusu barua zako, zilifika. Zote zimo katika jalada lako peke yako, nimelifunga kwa utepe wa kitenge cha mama yako. Kila moja nimeigonga muhuri wa kupokelewa na kuipa namba, ya kwanza mpaka ya kumi na moja. Hakuna iliyotafunwa.

Hukuuliza kwa nini sikujibu, lakini najua unauliza. Loisi, masjala haijibu barua. Masjala inapokea, inatia namba, inapeleka kwa mkubwa. Mkubwa anaandika pembeni, mjibuni hivi, karani anapiga taipu. Katika nyumba hii mkubwa alikuwa mama yako Nesta, na karani alikuwa yeye yeye. Ulipoondoka alikuwa na wiki sita kaburini. Mimi nilipokea, nikatunza. Hakuna ambaye angetunza vizuri zaidi.

Baba yako,
Yonathani, Mtunza Masjala Mkuu (mstaafu), Msimamizi Mtarajiwa


Kabwe, 14 Aprili 2006

Baba,

Shikamoo. Tuko wazima, isipokuwa Angel ana mafua na anataka kila mtu ajue.

Barua yako niliisomea kazini. Nilicheka mpaka mwenzangu akaja kuuliza kuna nini, na alipofika nilikuwa nalia. Miaka yote hii nilidhani unazitia jikoni kuwashia moto.

Lakini fungua ile ya tano. Humo nilikuuliza jina. Nilikwambia mtoto amezaliwa, wa kike, na kwetu babu ndiye anayetaja jina. Nikasema natamani aitwe Nesta, ila siwezi kulichukua mwenyewe, mpaka wewe ulitoe. Kisha nikangoja. Miezi mitatu, Baba, mtoto anaitwa "mtoto". Kadi yake ya kliniki ilikuwa na uzito, ilikuwa na chanjo, na mstari wa jina mtupu. Majirani wakaanza kuninong'onea kama nataka kumtupa. Mwishowe mama mkwe akasema imetosha, akamwita Angel. Ni jina zuri, na yule mama hana kosa. Ila hujui nilivyokuwa nakwenda posta.

Pendekezo nimelipeleka. Nimetafsiri lote, hata makopo ya oili. Mjadala ni Jumamosi tarehe 20 Mei, saa nne asubuhi kwa saa za huko kwenu. Watauliza, wewe utajibu kutoka kwa mama Tabita, na mimi nitakuwa hapa natafsiri. Usichelewe.

Mwanao,
Loisi


Vwawa, 24 Mei 2006

Mwanangu Loisi,

Marahaba, na mafua ya mjukuu yaishe. Huku tumeanza kuchuma kahawa, na baridi imeshaingia kwenye magoti.

Bila shaka umeona mambo niliyofanya. Nilifika Tunduma saa mbili, nimevaa koti na tai. Tabita akasema, "Mzee, hawakuoni." Nikamwambia, "Mimi najiona." Nilikaa mbele ya kile kioo, yeye anapiga herufi, mimi natamka. Yule mtu wa Norwe alipouliza oili haichafui karatasi, si uliona nilivyomjibu? Nilimwambia karatasi haisimami kwenye kopo, inayosimama ni miguu ya rafu, na kama kwao wanasimamisha karatasi kwenye oili basi wanahitaji kundi hili kuliko sisi. Tabita alicheka akaacha kupiga. Na yule mwanamke aliyeuliza majalada ya chama kilichokufa yanafaa nini, nilimwambia wiki ile ile wajukuu wa mzee mmoja walikuja kugombania mpaka wa shamba, nikafungua utepe wa kijani, nikawaonyesha mchoro ambao babu yao ameutia dole gumba. Wakaondoka wanasalimiana.

Kitu kimoja nilikuwa sikijui. Maneno yako yalikuwa yanatokea pale pale. "Baba, anauliza hivi." "Baba, subiri kidogo." "Baba, umesikia?" Baba, Baba, mara ishirini na tatu, nilihesabu. Saa ilipokwisha Tabita akasema wote wameondoka. Nikamwambia asizime. Nikakaa tena kidogo, labda una la kuongeza.

Barua ya tano nimeifungua. Nimeisoma.

Baba yako,
Yonathani, Msimamizi


Kabwe, 2 Julai 2006

Baba,

Shikamoo. Natumaini baridi ya huko haijakuzidi. Sisi wazima.

Kundi wamelikataa. Walisifu mjadala, wakasema hawajawahi kuona kama ule, lakini mtu asiye na anwani ya barua pepe hahesabiwi. Wale ishirini wako wamewaacha wote, wamehesabu wawili tu tulioongezwa baadaye, mimi na yule mtu wa Norwe, ambaye aliomba mwenyewe. Nilibishana nao wiki tatu. Wamesema tujaribu tena baada ya mwaka mmoja. Pole sana. Najua ulivyolitaka.

Kwa hiyo lile la kikazi limekwisha.

Kuhusu barua yangu ya tano umeniandikia "nimeisoma". Hilo si jibu, Baba. Huo ni muhuri tu. Nimekuuliza mara mbili, na ya tatu sitauliza. Ukiwa na la kuniambia utaniandikia wewe, bila mchwa.

Loisi


Vwawa, 19 Novemba 2006

Mwanangu Loisi,

Habari za siku nyingi. Mimi mzima. Mguu si mzima, sitaki kukudanganya. Kahawa tumemaliza, mvua za kwanza zimenyesha, na mibuni ya nyuma ya nyumba imetoa maua meupe mpaka mtu anaona haya kupita na gumboti.

Nimechelewa kwa sababu nilikuwa natafuta jambo la kikazi la kukuandikia. Miezi minne nimetafuta. Sikulipata. Leo nimelifungua jalada lako nikaliweka mapajani, na ninajibu moja moja.

Ya kwanza uliuliza kama nilifika salama kutoka mpakani. Nilifika. Kabla ya hapo nilisimama upande wetu mpaka lori lenu likaisha machoni. Mkono sikukupa kwa sababu nilijua nikiushika wako sitauachia.

Ya pili uliuliza nani ananipikia. Napika mwenyewe. Vibaya.

Ya tatu uliuliza kama nimekasirika. Ndiyo, nilikasirika kama mwaka mmoja. Ulipokwisha sikukwambia umekwisha.

Ya nne hukuuliza kitu, ulileta picha yenu mbele ya nyumba. Pembe zake zimelainika, lakini si kwa unyevu.

Ya tano. Siku barua hiyo ilipofika niliisoma kutwa nzima kwa kidole, mstari kwa mstari. Nilipoelewa unachokitaka nilisimama nikavua kofia, nikalitaja jina kwa sauti kama inavyotakiwa, nikitazama upande wa Tunduma. Nesta. Nililitaja mara mbili. Kisha nikagonga muhuri, nikatia namba, nikaona kazi imekwisha. Loisi, mimi nilidhani nimejibu. Sasa ndiyo naona kwamba jina lilibaki hapa sebuleni, na mtoto alikuwa Kabwe hana jina.

Angel asinyang'anywe lake. Jalada likishafunguliwa jina halifutwi. Lakini wewe na mumeo mkikubali, na yeye mwenyewe akikubali maana nasikia ni mbishi, aongezewe na la bibi yake. Nalitoa. Safari hii kwa maandishi.

Ya sita mpaka ya kumi nimezisoma zote tena, na naona zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti, kama nipo. Nipo.

Ya kumi na moja ulisema huandiki tena. Ulikuwa na haki. Hiyo nimeirudisha jaladani, si kwa dharau.

Sasa nauliza mimi. Sijawahi kuuliza kwa barua, kwa hiyo kama nimekosea utaratibu unisahihishe. Jumamosi ya kwanza ya Desemba nitakuwa Tunduma tangu asubuhi, pale wanapovukia. Sikulazimishi. Kama hamji, nitanunua chumvi nirudi. Ila kama mnakuja, niambie kabla: huyo mtoto akiniona ataniitaje? Babu, au kwa hicho Kibemba chenu? Ninataka kulijua hilo neno mapema, nisije nikaitwa mbele za watu nikageuka kumtafuta anayeitwa.

Baba