Yuro Sita Badala ya Tano

Jumatatu, 6 Machi 2023

Siku mbaya. Upepo tangu asubuhi, ofisi nzima inanuka kahawa ya juzi. Na kazi niliyopewa ni ya kumvunja mtu moyo.

Anaitwa Attracta Gilhooly, mama mtu mzima wa Ireland, mpishi mstaafu wa shule. Alichukua bonasi ya kasino yetu ya mtandaoni, akacheza wiki nzima kwenye simu, akashinda yuro elfu tisa na mia tatu. Masharti yanasema ukiwa na bonasi usiweke dau la zaidi ya yuro tano kwa mzunguko mmoja. Aliweka sita. Mara moja tu! Kidole kiliteleza. Tena mzunguko huo wenyewe hakupata kitu.

Reno, bosi wetu, hata hakuinua macho. Futa ushindi wote, mwandikie kwa upole. Nikamwandikia. Kwenye chati mimi si Rożann, ni Sofia — sote tuna majina ya kazini. Akajibu: "Sofia mwanangu, kama sita zimekatazwa, mbona mashine ilizipokea?"

Nikabandika ile aya ya masharti. Mara mbili.

Jumanne, 7 Machi

Nimemkuta Duncan wa mitambo nje, anavuta sigara. Nikamuuliza, mashine haiwezi kukataa dau la sita? Inaweza, kazi ya asubuhi moja. Sasa mbona hamfanyi? Alicheka mpaka akakohoa. "Kawaulize wa ghorofa ya juu, mimi nina mke na mapacha."

Na wanaoweka sita wakapoteza, tunawarudishia? Akanitazama kama nimetoka mwezini.

Hatukagui waliopoteza. Tunakagua aliyeshinda akiomba hela zake. Ukipoteza huna kosa! Miaka minne nipo hapa, leo ndiyo nimeliona hivyo.

Alhamisi, 9 Machi

Nimelisema kikaoni. Kwa sauti. Sijui ujasiri nimeutoa wapi.

Reno hakukasirika, na hilo ndilo baya zaidi. Alinikumbusha lile genge la mwaka jana: akaunti arobaini, picha ya mtu yuleyule, leo ana tai, kesho kofia. "Wale nao walisema vidole viliteleza, Rożann. Leo tukimsamehe bibi yako, kesho nani atachora mstari? Wewe?"

Kwa genge yuko sawa. Niliziona picha kwa macho yangu. Lakini mama mwenye akaunti moja na kosa moja?

Jioni nikapita kwa mama. Alikuwa anatoa kwareżimal, biskuti zetu za Kwaresima, kwenye oveni, vidole vyote unga wa lozi. Nikamuuliza, kwenye tombola, ile bahati nasibu ya namba pale parokiani, mtu akipiga kelele kwamba ameshinda kumbe bado, mnamfanyaje? "Tunamzomea! Kisha tunaendelea. Kwani afukuzwe? Si kachanganya namba tu." Akanisukumia biskuti. Unakonda, hiyo kompyuta itakumaliza.

Ijumaa, 10 Machi

Yupo! Yupo chini, mapokezi!

Koti jekundu, sanduku la magurudumu, nywele zimevurugwa na upepo. Amepanda ndege mpaka Malta! Spiru, mlinzi, kaambiwa aseme hakuna mtu. Hakuna mtu — jengo zima tumejaa. Akasema basi atamngoja Sofia.

Reno: asishuke yeyote. Nikashuka kwa ngazi za nyuma. Nimemtazama kupitia kioo. Ameketi wima kama yuko hospitali, mkoba magotini. Spiru kampelekea maji.

Nikapanda tena. Mwoga mimi.

Jumamosi, 11 Machi

Sikuwa zamu, lakini miguu ikanipeleka huko huko Gżira, mtaa wa ofisi. Nikamkuta kwenye benchi karibu na boti, anakula pastizzi, sambusa zetu za jibini, vipande vimemwagika mpaka kwenye koti. Nikaketi. Nikasema naishi hapa Malta. Si uongo.

Akanikaribisha pastizzi moja na habari yake yote. Kijana wake yuko Perth, kapata mtoto wa kike, na Attracta alishamwambia anakwenda kumwona kwa hela hizo. Alishamwambia! Sasa hajui atamrudia na maneno gani.

"Nilikosea, sikatai," akasema. "Wangenitoza kosa langu ningelipa, tena ningeshukuru. Ila wamechukua na yale ambayo sikukosea."

Halafu: "Mle ndani yumo Sofia mmoja. Yeye ana utu. Kila akiandika anamalizia na kijimoyo."

Ule moyo unawekwa na mashine. Kila ujumbe. Sikumwambia. Nilisema nina haraka, nikaondoka, mdomo umejaa mafuta.

Jumatatu, 13 Machi

Reno kaniita pembeni, mlango ukafungwa. Wa juu wamekubali kumpa yuro mia tano "kwa hisani", atie sahihi kwamba hadai tena wala haendi kwa mwamuzi huru wa malalamiko ya wachezaji. Niende mimi, kwa kuwa anamwamini Sofia. Kesho, mkahawa wa hoteli yake.

Nikasema mpeni zote, kateni mzunguko ule mmoja. Akashusha pumzi. "Dada, unadhani sipendi? Sikiliza. Kesi kama hii tulishindwa kwa mwamuzi mwaka jana. Ndiyo maana wanampa chochote. Hilo lisikutoke mdomoni." Kisha, mkono kwenye kitasa: ukirudi na sahihi, uongozi wa zamu ni wako.

Miaka minne nautaka uongozi wa zamu.

Jumanne, 14 Machi

Niko chooni, mkahawa wa hoteli. Naandikia kwenye goti.

Aliponiona alitabasamu — yule wa benchi! Nikamwambia mimi ndiye Sofia. Tabasamu likaondoka taratibu. "Kumbe. Jumamosi umekula pastizzi yangu, na jina umelificha."

Nikasema ndiyo. Nikasema samahani. Akakoroga chai ambayo hata sukari hakuitia. Kisha akavuta ile karatasi, akairudisha kwangu. "Nisomee wewe. Herufi zenu ndogo zimeshanitosha." Nikasoma. Nilipofika kwenye mwamuzi nikasoma haraka haraka. Akaliona. Hapitwi na kitu huyu mama!

"Nikienda huko nitashindwa, si ndiyo? Niambie tu, mwanangu. Ukiniambia nitashindwa, natia sahihi sasa hivi, nirudi nyumbani."

Nikasema naomba dakika moja.

Reno anatuma ujumbe: Vipi? Ameshatia? Na mwingine: Rożann??

Kuta za hapa ni nyembamba. Mhudumu anataka kuondoa kikombe changu, namsikia Attracta anamzuia. "Kiache. Anarudi, kaondoka na kalamu."

Kweli. Ninayo. Ndiyo hii ninayoandikia.