Alama za Baba

Jumatatu, 3 Machi
Baba kapiga simu saa kumi na mbili jioni, kama kawaida. Alama elfu kumi na moja. Tangu mama afariki hiyo ndiyo salamu yetu: anacheza ule mchezo wa matofali yanayodondoka, ananitajia alama, nami najua yuko salama. Mwaka jana hakushuka chini ya elfu tisini. Mwezi uliopita, arobaini. Leo kumi na moja. Nikamwambia, hongera Baba. Mnafiki mkubwa mimi.

Kaka naye kashajua. Anasema hiyo ni akili inaanza kuondoka, Jumamosi tukutane kwa Baba tumwambie anahamia kwake. Chumba kashakipaka rangi. Mwenyewe hata hajaulizwa! Nilitaka kumbishia, ila kwa lipi? Alama hizo hizo nami nazisikia.

Jumatano, 5 Machi
Kazini, duka la dawa, nusura nimpe dawa ya kikohozi mteja aliyetaka matone ya macho. Mfamasia kaniangalia kwa jicho la pembeni. Mawazo yote yako kwenye ile mashine ya mchezo ya Baba.

Baba alitununulia sisi, tukiwa shule ya msingi. Ya kijivu, nene, kioo hakina taa — mpaka usogee dirishani ndiyo uone. Ikaja ya kuchomeka kwenye televisheni, tukaitupa ile uvunguni. Baba akaiokota. Tangu hapo kaka kamletea ya kuingiza CD, kamletea ya kutikisa mkono hewani (Baba akavunja glasi mbili siku ya kwanza), kamletea ya kugusa kioo kwa kidole. Zote ziko juu ya kabati na maboksi yake. Baba anasema hizo zinataka mtandao, zinataka paswadi, zinataka kujua umezaliwa lini. Yake inataka betri nne tu.

Jioni: elfu tisa. Na nimpelekee betri.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekwenda mchana. Baba alikuwa bafuni anafua soksi, nikaweka betri mwenyewe, nikawasha, nikasema ngoja nicheze kidogo.

Loh. Upande wa kushoto wa kioo kuna pengo jeupe, upana wa kidole, toka juu mpaka chini. Tofali likiingia pale huli­oni tena. Nikapata elfu mbili, nikafa. Mimi, na macho yangu haya.

Nageuka, Baba kasimama mlangoni, soksi mkononi. Nikamuuliza tangu lini. Akasema ni miezi sasa, ulianza mstari mmoja, ukaja wa pili. Alidhani ni macho. Alipoona gazeti analisoma vizuri, akadhani ni kichwa.

Sasa mbona hukuniuliza, Baba?

Akazikunja zile soksi, mbichi vile vile. Akasema: ningekuuliza, ukaniambia huoni pengo lolote, ningefanyaje?

Nikamkumbatia hapo hapo, maji ya soksi yananichuruzikia mgongoni. Nimecheka, nimelia kidogo. Ni kioo tu. Kioo!

Ijumaa, 7 Machi
Mimi na Baba kwa fundi simu, yule mama tunayemwita Daktari. Kafungua skrubu, kapitisha chuma cha moto taratibu kwenye utepe unaoshika kioo. Mstari mmoja ukarudi. Wa pili. Wote. Anasema mashine hizi zikizeeka utepe huachia, mgonjwa wetu huyu wa kijivu hajambo kabisa. Baba akamuuliza, kwa hiyo ubovu ulikuwa hapa? Hapo tu, mzee. Akamuuliza tena. Fundi akamjibu tena, bila kuchoka. Mungu ambariki yule mama.

Usiku wa leo nitalala kama mtoto.

Jumamosi, 8 Machi
Naandikia jikoni kwa Baba. Kaka kaja na maboksi matupu ya kufungashia, yako pale mlangoni. Nimemweleza habari ya kioo. Kasema sawa, lakini mzee bado anaishi peke yake, tuongee. Baba hakubishana. Kamwambia kaa, nimalize hii kwanza.

Hiyo ni nusu saa sasa. Elfu sitini na mbili. Kaka alikuwa amesimama, funguo za gari mkononi. Halafu akakaa kwenye mkono wa kochi. Sasa kainama kabisa juu ya bega la Baba, jasho linamtoka yeye.

Kushoto, Baba, anamwambia. Kushoto, kushoto!

Baba hata hainui kichwa. Naona, anasema.