Huyo Aliyetoa Sita Hajui Kiembu

Ndugu yangu Njeru, mwana wa Embu uliyetutoroka,

Kwanza ujue mimi ni mzima, nimenona, na bado ndiye mkali wa ule mchezo wa kompyuta Meru nzima, kutoka Githongo mpaka Kiirua. Usibishe. Mtu wa kubishana na mimi alikuwa mmoja tu, na mamake huyo, muuguzi, alipewa uhamisho wa Embu, wakafunga godoro kwa kamba, wakaenda.

Nakuandikia kwa sababu Ijumaa Salim anauza kompyuta ya dukani kwake. Ile ile, iliyokaa nyuma ya mashine ya kutoa kopi. Inaenda kwa mwalimu mmoja wa Kiirua, na amesema atafuta kila kitu kilicho ndani ili aweke mitihani. Kila kitu, Njeru. Mzee Koti wetu wa mchezoni pia. Ndiyo nikaona heri nijaribu tena, ingawa barua zangu za kwanza umezikalia kama kuku juu ya mayai.

Unakumbuka siku mchezo ulipofika? Mpwa wa Salim aliuleta kutoka Nairobi pamoja na gazeti la wazungu la michezo ya kompyuta, lile la karatasi za kung'aa. Sisi tulitarajia vita, tulitarajia magari. Tukaona mtu kavaa koti, anaamka, anakula, anaenda choo, anaenda kazini, anarudi kulala. Nikasema hayo yote nyumbani kwetu ninayo, tena bila umeme. Nikaupa nne kwa kumi hapo hapo. Kirimi akafungua gazeti akasoma kwa sauti ya mtangazaji: sita kwa kumi. Kwake hayo yalikuwa matokeo ya mtihani wa taifa, yametoka, hakuna rufaa. Wewe ulikuwa umekaa juu ya mkebe wa rangi, ukasema tisa.

Jioni nzima tukabishana. Kirimi anasema sita ni pasi nzuri. Mimi nasema mchezo usio na mshindi ni kama mpira usio na goli. Salim anatuambia tupunguze kelele, ana wateja. Ndipo wale watu wa ndani ya kompyuta wakaanza kuongea, ile lugha yao ya kubwabwaja, na Kirimi, na Kiingereza chake chote cha kidato cha nne, akasikiliza akasema kwa uhakika kabisa, "Hicho ni Kiembu."

Hukucheka. Mpaka leo nashangaa vile hukucheka. Uliinamisha kichwa, ukasikiliza, ukatuambia kwamba mke wa Mzee Koti analalamika mukimo wa viazi na mahindi haujapondwa vizuri, na jirani anataka jembe lake. Watu wazima waliokuja kutoa kopi za vitambulisho wakasimama nyuma yetu kusikiliza tafsiri. Tangu hapo hakuna aliyegusa kibodi bila wewe kuwepo. Ukifika, tunakupisha mkebe wako wa rangi kama chifu. Na ukamaliza ubishi wa alama kwa maneno ambayo hata Salim huyarudia:

"Huyo aliyetoa sita hajui Kiembu."

Mimi nilijua tangu siku ya kwanza kwamba ulikuwa unatudanganya. Sikuzaliwa jana. Lakini ningesema, ningepata faida gani? Hata yule mama wa Runyenjes, huko huko Embu, alipoingia, Kirimi akamwomba athibitishe, mama akatega sikio, akasema, "Hao wamelewa," wewe ulimsalimia kwa heshima zote, ukangoja atoke, ukatuambia kwamba hicho ni Kiembu cha ndani, si kila mtu anakifikia. Nilicheka mpaka nikatoka nje nikashika ukuta.

Sasa nikuambie kulivyo huku. Wanaongea bado. Mzee Koti anasimama katikati ya nyumba, anafungua mdomo, anabwabwaja, na hakuna anayejua anataka nini. Vijana walichoka, mmoja mmoja. Siku hizi wanakwenda kwa yule jamaa wa soko mwenye michezo ya kupigana ngumi, ambako hakuna mtu anayeongea. Mimi nikimaliza kushusha viazi kwenye lori napitia kwa Salim, nakaa kwenye kiti. Kwenye mkebe sikai.

Kirimi alikuja Embu mwezi uliopita, akakukuta nje ya posta na marafiki wapya. Alisema umerefuka. Alisema uliuliza kama Mzee Koti bado anakula. Nikamwambia arudie vizuri, pengine amesahau kitu. Akarudia, ni hayo tu.

Anakula, Njeru. Unafikiri nani anamlisha? Yule mzee ni mvivu kama wewe, usipomwambia ale atasimama kando ya sufuria mpaka aanguke. Nimemlisha tangu mlipoondoka. Nimemnunulia hata kitanda kipya. Tena nilimjengea chumba cha wageni, na mgeni hajawahi kuja, nafikiri mchezo wenyewe haujui kufanya hivyo.

Leo nilikwenda kumuaga. Kirimi alikuwepo, na Salim, na vijana wawili wa zamani waliokuja kuona kompyuta ikifungwa. Mzee Koti akasimama mlangoni, akaanza kuongea, maneno mengi kuliko siku zote. Kirimi akanisukuma bega. "Haya tafsiri, wewe mkubwa wa kila kitu."

Nikafungua mdomo. Unanijua, mimi sikosi neno. Nikawaambia anasema ana njaa. Wakacheka kidogo, kicheko cha kunisaidia, kisha wakarudi kwa mambo yao.

Hakusema njaa. Alikuwa anaangalia barabara.

Salim akauliza kama sasa nitapandisha ile nne yangu, kwa kuwa mchezo unakufa na marehemu hasemwi vibaya. Nikakataa. Mimi ni mtu wa msimamo. Lakini nikitembea kwenda nyumbani nilipiga hesabu, na ingawa shule niliiachia njiani, kutoa najua. Wewe ulisema tisa, mimi nikasema nne, na wote wawili tulisema kweli. Mchezo ni nne. Zile tano zilizobaki hazikuwa ndani ya kompyuta, zilikuwa zimekaa juu ya mkebe wa rangi.

Mkebe nimeuomba kwa Salim, amenipa. Uko chini ya kitanda changu. Ukija Meru utapata pa kukalia, na usipokuja hautakaliwa na mtu.

Salimia mama. Kaa na Embu yako, na mvua isikunyeshee.

Ni mimi mbishi wako,
Mwiti wa Nne